Kuku Wanne Dhidi ya Malkia Radi

Bu Lasmiatun,
Mtengenezaji wa Kripsi za Tempe (makarai kumi na moja),
Mtaa wa Sanan, Malang.
Jumatano asubuhi.

Kwa Mkuu wa Dawati la Malalamiko,
Kampuni ya Mchezo wa Karata wa Mataji Saba,
Jakarta.

YAH: KUPOTEA KWA JINA LA MJUKUU WANGU NDANI YA MCHEZO WENU

Ndugu Mkuu wa Dawati,

Jana Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, nilipoteza haki ya kumpa jina mjukuu wangu wa kwanza. Sikuipoteza mahakamani, wala kwa ugonjwa, wala kwa uzembe. Niliipoteza ndani ya mchezo wenu wa simu, kwa dakika sita na sekunde arobaini, na hizo sekunde arobaini zilikuwa za tangazo la shampuu.

Natumaini ninyi na familia zenu hamjambo. Mimi sijambo kidogo.

Ili msije mkanidharau, nijitambulishe. Mimi ni mwanamke wa hesabu. Nilianza na karai moja la kuazima, leo nina kumi na moja, na hakuna hata moja nililopewa na mtu. Gogo moja la tempe, yaani soya iliyochachushwa ikagandamana, nalikata vipande tisini. Mfanyakazi akikata themanini na tano, namjua kwa mlio wa kisu bila kugeuka. Kwa hiyo kila tarakimu mtakayoiona humu nimeihesabu mara mbili, na mara ya tatu binti yangu Wening alinihakikishia akiwa kitandani ananyonyesha.

Kabla ya kuorodhesha malalamiko, nieleze jambo lilivyoanza, maana huenda ninyi wa Jakarta mmeshasahau watu wanavyoishi.

Wening ameolewa na Galih. Mama yake Galih ni Bu Ambarwati, mstaafu wa posta. Yeye na mimi, kwa kuwa watoto wetu wameoana, tunaitana besan, na mabesan hawagombani. Wanaweza kuchukiana miaka thelathini huku wakipelekeana keki, lakini kugombana hapana. Mimba ya Wening ilipoingia mwezi wa tisa, tukakutana Jumapili nyumbani kwao kuzungumzia jina la mtoto, na hakuna aliyekubali kusema anataka jina gani.

"Anza wewe, Bu Lasmi, tafadhali."

"Mie nani, Bu Ambar? Wewe ndiye mkubwa."

"Mkubwa kwa lipi, kwa mvi? Anza, Bu."

"Siwezi, Bu, naona haya."

Tulikwenda hivyo dakika arobaini. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Na wakati huo wote kila mmoja alikuwa na jina lake mfukoni. Mimi nataka mtoto aitwe Kasmirah, jina la marehemu mama yangu, ambaye lile karai la kuazima alilibeba kichwani yeye, kilomita tatu, mvua ikinyesha. Besan wangu anataka Quinzhaya Aurellita Xaviera Putri. Nimelinakili kutoka kwenye karatasi, kwa sababu siwezi kulitamka bila kupumzika katikati. Sina ubaya nalo. Lakini nyumba yangu ina makarai kumi na moja ya mafuta yanayochemka. Mtoto anayetambaa kuelekea jikoni anahitaji jina la kumwahi. Mimi kabla sijafika kwenye Xaviera, yeye ameshafika kwenye karai.

Galih ndiye aliyechoka wa kwanza. Akasema, "Ibu-ibu, mama zangu, nyote mna mchezo ule ule kwenye simu. Mtoto akizaliwa, chezeni mechi moja. Atakayeshinda atataja jina. Yaishe, tule."

Bu Ambarwati akacheka, akaficha mdomo kwa kiganja. "Jamani, mie nacheza tu kupitisha muda, Bu Lasmi. Usinichekee."

Adabu yetu inataka mtu akatae mara tatu kabla ya kukubali kitu. Mimi nilikataa mara moja tu. Ya pili nikakubali, tena nikajiongezea wali. Mkitaka kujua kwa nini mwanamke wa umri wangu alijisahau kiasi hicho, jibu linaanzia kwenu.

LALAMIKO LA KWANZA: Ushindi wa uongo.

Niliupakua mchezo wenu Jumamosi, siku moja tu kabla ya mazungumzo hayo, kwa ajili ya kupumzisha miguu wakati tempe inachachuka. Siku ile ile nilicheza mechi saba. Nikashinda saba. Niliwashinda Jagoan_Blitar, MamaWatatu, Pak_Kumis na wengine wanne. Pak_Kumis nilimfunga mizunguko miwili kwa sifuri bila yeye kufanya lolote la maana, nikamwonea huruma, nikamtumia kile kikatuni chenu cha maua. Alasiri kwenye sala nikamtaja, maana alionekana mtu mwenye mikosi. Kisha nikamwambia jirani yangu muuza tofu, "Dada, kumbe nina kipaji. Nimechelewa tu kukijua."

Jumatatu iliyofuata, nilipoanza kupigwa, nikamuuliza Galih kulikoni.

"Bu, wale saba wa mwanzo si watu," akaniambia. "Ni mashine. Wanawekwa ili mgeni afurahi asiondoke."

"Hata Pak_Kumis?"

"Hata Pak_Kumis, Bu."

Ndugu Mkuu wa Dawati, mimi nimeiombea mashine. Lakini hilo tuliache, ni baina yangu na Mungu. Ninachosema ni hiki: mtu akija dukani kwangu mara ya kwanza, simwambii kuwa ana ulimi wa kifalme ili anunue magunia. Ninyi mlinidanganya kuhusu mimi mwenyewe, na kwa uongo huo nikaliweka jina la mama yangu mezani.

Tangu Jumatatu hiyo hadi siku ya mtoto kuzaliwa nilicheza mechi arobaini na moja na watu wenye damu. Nilishinda mbili. Ya kwanza mpinzani alikatikiwa na mtandao. Ya pili naamini aliitwa kula. Mtanishauri kwamba ningejitoa mapema. Ningejitoaje? Ningemwendea besan wangu nimwambie, "Bu, nimegundua sijui kucheza"? Afadhali niuze karai.

LALAMIKO LA PILI: Karata mnazompa mgeni.

Mgeni anapewa karata thelathini za bure. Nimezijumlisha nguvu zake zote: sitini na moja. Thelathini za besan wangu, zilizopatikana kwa miaka mitatu ya kucheza: mia mbili na kumi na mbili. Hapo sihitaji kuongeza neno, lakini nitaongeza, kwa sababu kuna suala la kuku.

Kati ya karata zangu thelathini, nne ni Kuku wa Jirani. Nguvu yake ni moja. Chini ya picha mmeandika uwezo wake wa pekee: "Anapotupwa mezani, huwika." Nikadhani kuwika kunaamsha jeshi, au kunamtisha adui. Nimemtupa mara ishirini na sita ili kuhakikisha. Anawika. Basi. Anawika vizuri, wafanyakazi wangu jikoni walifurahi, lakini vita haiendeshwi hivyo.

Mtasema, mama, ni za bure, unalalamika nini? Mimi pia nagawa vya bure. Kila asubuhi naweka bakuli la vionjo mbele ya duka. Kionjo changu kinatoka kwenye karai lile lile na kripsi za kuuza, moto ule ule, chumvi ile ile. Sitoi vionjo vya soya mbovu halafu nikasema nzuri ziko ndani. Na mfanyakazi mgeni akija jikoni kwangu hakati vipande tisini siku ya kwanza. Anakata sitini, na kidole anajikata. Lakini kisu nampa kikali kama changu.

LALAMIKO LA TATU: Malkia Radi.

Karata hii nilikuwa sijawahi kuiona hadi jana. Nguvu yake ni tisa, na ikitupwa mezani inaondoa kila karata yenye nguvu chini ya tano. Katika karata zangu thelathini, zenye nguvu chini ya tano ni ishirini na saba. Zinazobaki ni Nyati, Mlinzi wa Lango na Jiwe. Jiwe haliwezi kushambulia. Ni jiwe.

Sasa sikilizeni mechi ilivyokwenda. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega kwenye benchi, kila mtu na simu yake, na mjukuu wetu wa siku moja analia upande wa pili wa ukuta. Nilipanga mezani kuku wawili, Mbeba Maji na Binti Mpiga Manati. Nilijitahidi. Bu Ambarwati akaguna.

"Samahani, Bu Lasmi, naomba nimtoe huyu wa manati kidogo."

"Mtoe, Bu, hamna neno."

"Samahani tena, na huyu wa maji."

"Bila wasiwasi, Bu."

"Lo, Bu, sasa sijui nifanyeje. Nina huyu Malkia hapa mkononi, naona aibu kumtupa."

"Mtupe tu, Bu Ambar, ndio mchezo."

Akamtupa. Simu yangu ikatetemeka, radi ikapiga, mhudumu wa wodi akatuambia tupunguze sauti. Meza yangu ikawa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Katika dakika sita besan wangu aliniomba msamaha mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nilimjibu kuwa hamna neno. Kisha, kwa kuwa adabu ni adabu, nikabonyeza mwenyewe kile kitufe chenu cha "Umecheza vizuri!" Nilikibonyeza mbele yake, nikitabasamu. Hicho ndicho kitendo kigumu kuliko vyote nilivyofanya mwaka huu, na mwaka huu niling'olewa magego mawili.

LALAMIKO LA NNE: Kasa.

Nilipokuwa bado sijainuka kwenye benchi, yule Kasa wenu wa kufundisha wageni, mwenye miwani, akatokea na kusema: "Usikate tamaa, shujaa! Je, ungependa Kifurushi cha Mgeni Jasiri?" Ningependa mumwambie kuwa kuna wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza.

LALAMIKO LA TANO: Makasha.

Nilimuuliza Galih nitampataje Malkia Radi. Akasema yumo ndani ya makasha ya bure, na kwamba mmeandika wenyewe kwa maandishi madogo: hupatikana kwa wastani wa mara moja katika makasha mia tisa. Mgeni anafungua makasha mawili kwa siku. Mia tisa kwa mbili ni siku mia nne na hamsini, yaani mwaka mmoja na siku themanini na tano.

Kwetu mtoto anapewa jina siku ya tano baada ya kuzaliwa. Mjukuu wangu alizaliwa Jumatatu. Karamu ya jina ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, na wageni wamealikwa. Kwa mpango wenu wa makasha, nitakapokuwa tayari kupambana, mtoto atakuwa ameota meno, ametambaa, amesimama, ameanza kunijibu, na bado hana jina. Kwa sasa tunamwita Nduk, kama tunavyomwita kila mtoto wa kike. Leo alfajiri nilizungumza naye kwa video, nikaita "Nduk!" wakageuka wafanyakazi sita.

LALAMIKO LA SITA, ambalo ndilo kubwa: neno "bure".

Nilishuku kwamba besan wangu amemnunua Malkia kwa pesa. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, kama inavyotakiwa, kupitia habari za hali ya hewa. Akanijibu waziwazi, "Sijatoa hata rupia, Bu. Mie nafungua makasha yangu kila siku nikimaliza sala ya alfajiri. Miaka mitatu sasa. Nikikosa siku moja, siku yangu haikai sawa."

Wengine wangesema hapo kesi imekwisha, mama amempata Malkia kwa uvumilivu. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza. Mchezo ni bure kwa nani? Ni bure kwa mstaafu. Alfajiri mimi naloweka soya. Saa moja nachemsha, saa mbili naondoa maganda, saa tatu makarai yanawaka. Kama ningekuwa na miaka mitatu ya asubuhi tupu ningekuwa na makarai kumi na manne. Malkia wa Bu Ambarwati ameniibia kabla hata sijajiunga.

Basi, kwa heshima zote, nadai yafuatayo.

Kwanza, mgeni apewe karata thelathini zenye nguvu mia mbili na kumi na mbili, sawa na za besan wangu. Kuku mnaweza kuwaacha, lakini mmoja.

Pili, karata nazo zistaafu. Bu Ambarwati mwenyewe aliambiwa na posta kwamba umri umefika, akakabidhi mhuri na kiti, akapewa saa ya ukutani, akaenda nyumbani bila kelele. Kama mwajiriwa mwenye damu na watoto anastaafu, iweje Malkia Radi afanye kazi bila kikomo? Miaka miwili inatosha. Apewe saa ya ukutani.

Tatu, baada ya kustaafu, Malkia Radi aingizwe kwenye upatu. Sisi wanawake wa Sanan tuna upatu wetu, tunauita arisan. Majina yanakunjwa, yanatiwa kwenye glasi iliyofunikwa karatasi yenye tundu, glasi inatikiswa, na jina litakalochomoza ndilo la mwezi huo. Aliyejiunga jana na aliyejiunga miaka ishirini iliyopita wanatikiswa pamoja, na kila mtu zamu yake inafika. Kwenye ukurasa wenu mnajisifu kuwa mna wachezaji milioni nne. Kila mmoja akikaa na Malkia siku moja, mzunguko utakamilika baada ya miaka elfu kumi, mia tisa hamsini na minane, na siku mia tatu na thelathini. Mimi sina haraka, mradi utikisaji uanzie Sanan, na uanze wiki hii. Glasi ninayo.

Nne, mechi ya jana ifutwe. Si kwenye kumbukumbu zenu tu. Namwomba ofisa wenu mmoja, mwenye sare, au kama hamna sare basi mwenye shati la kuchomekea, aje Jumamosi kwenye karamu, ashike kipaza sauti, na atangaze mbele ya wageni kuwa mechi haikuwa halali kwa sababu kampuni ilimpanga mama wa siku kumi mchezoni dhidi ya mama wa miaka mitatu. Atapewa chakula. Asimtazame Bu Ambarwati anaposema, asije akamwaibisha. Atazame ukuta.

Tano, endapo ofisa hatapata usafiri, basi mchezo wenu uzimwe nchi nzima Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Nitawaeleza wageni kuwa ni maombolezo.

Ili msione kuwa ni maneno ya mwanamke mmoja mwenye hasira, barua hii nimeipeleka kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Pak Sugondo, aigonge mhuri. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akasema, "Bu Lasmi, mie kazi yangu ni taka na zamu za ulinzi. Mambo ya malkia wa kwenye simu hayamo kwenye daftari langu." Nikamwambia ayaingize. Akasema, "Na hapa mahali pa kuku nigonge vilevile?" Nikamwambia hasa hapo. Amegonga kila ukurasa, na pakiti mbili za kripsi amezikubali baada ya kukataa mara tatu, kama inavyotakiwa.

Naambatanisha jedwali la karata zangu zote na nguvu zake, orodha ya mechi arobaini na moja pamoja na saa zilipochezwa, na sanduku dogo la kripsi, nusu za kawaida, nusu za pilipili. Si hongo. Ni kionjo.

Wasalimieni wote ofisini: mlinzi wa getini, wanaopika chai, wanaoshika simu, na hasa kijana au binti aliyemchora yule kuku. Kuku amechorwa vizuri sana, manyoya ya shingoni yanaonekana moja moja. Kosa si lake. Wening anawasalimu, Galih anawasalimu na anaomba mjue kuwa hakuhusika na kuandikwa kwa barua hii. Mjukuu wangu naye angewasalimu, lakini hana jina la kutia sahihi.

Nabaki na mikono yenye mafuta na hesabu zilizonyooka,

Bu Lasmiatun
Mtaa wa Sanan, Malang

(Mhuri wa Mwenyekiti wa Mtaa)

Nyongeza, Alhamisi mchana:

Mpeleka vifurushi alikuwa hajapita, kwa hiyo bahasha nimeifungua tena. Limetokea jambo.

Bu Ambarwati amenitembelea leo asubuhi na bakuli la mchuzi wa fenesi. Pak Sugondo alikuwa amemsimulia. Mtu akigonga mhuri mtaani kwetu, habari inafika kabla wino haujakauka. Hakuonyesha kukasirika hata kidogo. Alikaa, akasifu makarai, akasifu kimo cha dari, kisha akasema, "Bu Lasmi, kama Malkia ndiye aliyekukwaza, mie namweka pembeni. Nafungua jina jipya kabisa, naanza kama mgeni. Karata thelathini za bure kwako, thelathini za bure kwangu. Kuku kwa kuku. Atakayeshinda ndiye wa kutaja jina."

Safari hii nilikataa mara tatu, kamili. Ndipo nikakubali.

Sitini na moja kwa sitini na moja. Huwezi kupata haki zaidi ya hiyo. Nilijumlisha mwenyewe kabla ya kuanza. Wafanyakazi walizima makarai, wakasimama nyuma yetu.

Nimefungwa mizunguko miwili kwa sifuri. Wa pili aliumaliza kwa Kuku wa Jirani. Kumbe akitupwa wa mwisho, wakati mpinzani hana kitu mezani, ile nguvu moja inatosha. Akawika, jikoni kote wakapiga makofi, hata wale ninaowalipa mimi. "Samahani sana, Bu," akasema besan wangu. "Hamna neno, Bu Ambar," nikasema. Kisha akaniona nilivyokaa, akanisogezea bakuli la mchuzi, akasema, "Tucheze ya mwisho kabisa Jumamosi saa tatu, kabla wageni hawajafika. Ile ndiyo itakayohesabika. Mie nitabaki na hizi hizi za mgeni, nimeshatoa neno."

Kutokana na hayo, naomba mfanye masahihisho yafuatayo. Lalamiko la kwanza na la nne yabaki, Kasa bado ananikera. La pili, la tatu, la tano na la sita myafute. Madai yote matano myafute pia, ofisa asije, mchezo usizimwe, na neno "haki" likatwe popote mtakapolikuta. Haki nimeijaribu jikoni kwangu mwenyewe, mbele ya mashahidi, na nimeona inavyonifanya.

Ninachohitaji ni Malkia Radi. Mmoja tu, kwenye akaunti yangu, kabla ya Jumamosi saa tatu. Galih ananiambia kuwa kwa vile mama yake ameanza upya, Jumamosi yeye ndiye atakayekuwa mgeni na mimi ndiye mkongwe, na kwamba hiyo si sawa. Lisiwasumbue. Wageni ni lazima wapigwe kidogo, ndivyo wanavyojifunza mchezo.

Sasa naomba jibu la moja kwa moja, bila Kasa: mtanipa Malkia Radi, ndiyo au hapana? Nijibiwe kesho Ijumaa, kabla ya saa kumi alasiri.